Dada Akiba, Mshonaji Aliyejua Akanyamaza

Alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka 1921, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ambayo chini palikuwa na duka la vyombo na juu chumba cha kushonea. Wapo waandishi wanaotuambia kwamba watakatifu hufunga tangu wakiwa wananyonya. Huyu alinyonya vizuri, tena kwa kelele, na alipofika umri wa kwenda mafundisho alikuwa mbishi wa kupigiwa mfano. Siku moja alimwuliza katekista, "Kama Mungu alijua Adamu atakula lile tunda, alimkataza ya nini?" Katekista alikuwa na watoto arobaini na saa moja tu ya kuwafundisha, kwa hiyo alimtoa nje. Binti alisimama mlangoni mpaka mafundisho yakaisha, akauliza tena vilevile. Yule mzee akavua miwani, akasema, "Sijui, mwanangu. Nikijua nitakuambia." Kwa jibu hilo la kweli, binti alimpenda katekista huyo maisha yake yote.

Alipokuwa na miaka tisa mama yake alifariki akimzaa mtoto wa kiume. Kabla ya kufumba macho alimwekea binti kichanga mapajani, akamwambia, "Huyu mwenzio, usimwache." Basi akamlea. Alijifunza kupiga cherehani kwa mguu mmoja huku mguu wa pili ukimbembeleza mdogo wake.

Mwaka 1941, akiwa na miaka ishirini, alikubaliwa kuingia utawani. Alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake baba yake alipopatwa na kiharusi kilichomwacha mkono wa kulia hauna kazi. Binti alikwenda kwa Mama Mkuu wa masista akitumaini kuamriwa, kwa maana amri ingempunguzia uzito. Mama Mkuu hakumwamuru. Alimwambia kwamba njia zote mbili ni njema, kwamba Mungu anajua atakayoifuata, na kwamba kujua huko hakumwondolei yeye kazi ya kuchagua. Binti, ambaye leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, alikasirika waziwazi. Alirudi nyumbani akinung'unika njia nzima, akapanda juu, akafuta vumbi kwenye cherehani ya baba yake, akaketi. Tangu siku hiyo hakuiacha tena. Baadaye, kwa baraka ya Baba Askofu, aliweka nadhiri ya useja akiwa pale pale, kati ya mkasi na pasi.

Jina alilopewa na watu lilitokana na kazi yake. Mafundi wengine walikata kitambaa kulingana na mwili wa siku ile, lakini yeye kila mshono aliuachia ndani vidole viwili vya kitambaa cha akiba. Wazazi walioleta watoto kupimwa sare waliondoka na nguo zinazoweza kufumuliwa na kupanuliwa miaka mitatu mfululizo. Mke wa mwokaji mikate alinuna alipoona gauni lake la harusi limewekewa akiba kiunoni. "Kwani nani kakuambia nitanenepa?" Dada Akiba akamjibu, pini zikiwa mdomoni, "Umeolewa na mwokaji mikate, mama. Mimi sikunenepeshi, najiandaa tu." Mwaka uliofuata gauni lilirudi kupanuliwa, na wawili hao wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Lakini kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja, nacho ni mdogo wake. Kijana alikuwa fundi mwashi, mwenye mkono mwepesi na jicho lililoona ukuta uliopinda kabla ya timazi. Alipofika miaka ishirini alianza kunywa, na alipofika ishirini na mbili pombe ndiyo ilikuwa ikimnywa yeye. Alihamia chumba kimoja mtaa wa pili, juu ya karakana ya baiskeli. Kila siku adhuhuri dada yake alimpelekea chakula, na kila siku alimsihi aache. Kijana hakuwa mjinga. Siku moja aliweka kijiko chini, akasema, "Dada, Mungu anajua mwisho wangu, au hajui?"

"Anajua."

"Basi kama ameshaona nitakufa mlevi, mimi nikiacha si nitamfanya mwongo? Niache ninywe, nisimwaibishe Mungu."

Dada yake alicheka, maana mdogo wake alikuwa mcheshi hata katika kuangamia. Kisha akalia. Alikiri baadaye kwamba upindo wa sketi aliyoishona jioni ile ulikwenda upogo mpaka akaufumua wote.

Tarehe 14 Septemba 1954, baada ya Misa ya asubuhi, alikuwa akitia matundu ya vifungo kwenye shati alipojaliwa jambo ambalo alimwambia padre muungamishi wake peke yake. Alimwona mdogo wake ameketi, nywele zikiwa na mvi, mashavu yamejaa, macho meupe, akisali rozari bila kutetemeka mikono. Hakuota, wala hakutamani tu. Alijua, kama ajuavyo mtu kwamba amesikia jina lake likiitwa. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akaimba, na majirani wanashuhudia kwamba sauti hakujaliwa.

Hapo ndipo alipoanguka, nasi hatutamfichia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuficha. Adhuhuri ilipofika hakubeba chakula. Alijiambia kwamba Mungu ameshaonyesha, basi imekwisha, aende ya nini? Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Siku ya sita, akiwa anapiga bandi, ile mishono ya muda, kwenye koti la mteja, aliushikilia uzi hewani. Yale aliyokuwa akijiambia siku hizo zote yalikuwa hoja ileile ya mdogo wake. Tofauti ni kwamba mmoja alijilaza juu ya mwisho mbaya na mwingine juu ya mwisho mwema. Alishuka ngazi bila viatu. Alimkuta kijana sakafuni, homa ya siku nne, midomo imepasuka kwa kiu. Daktari alisema kwamba siku moja zaidi ingetosha kumwua.

Padre muungamishi, mzee aliyekuwa na uziwi wa sikio moja, alimsikiliza kwa sikio zima, akamwuliza swali moja tu: "Alipokuonyesha mdogo wako amepona, alikuonyesha kwamba hukwenda?" Mtumishi wa Mungu aliyarudia maneno hayo mara nyingi, akaongeza ya kwake: "Mungu hakuona mwisho tu. Aliona na nyayo zangu kwenye zile ngazi. Nisipozipanda, nani atazipanda?" Tangu hapo hakukosa adhuhuri hata moja kwa miaka kumi na mmoja. Wala hakumwambia mdogo wake alichokiona. Alimshonea tu koti la kitambaa kizito, kwa kipimo cha yule mtu mwenye mashavu yaliyojaa. Mdogo wake alilijaribu, mabega yakaning'inia. "Dada, umemshonea bonge gani hili?" Akamjibu, "Litundike tu."

Katika miaka hiyo watu wachache walipeleka maneno kwenye halmashauri ya parokia, kwamba mshonaji anafundisha kuwa Mungu hajui yajayo, kwa sababu huwaambia walevi kwamba wanaweza kuacha. Aliitwa mwezi Juni 1959. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyependa kusikilizwa, alimwuliza kama anaamini kwamba Mungu anajua yote. "Yote, mwalimu. Mimi nikikaa dirishani kwangu nakuona wewe unakuja tangu kule kona, kabla hujabisha hodi. Lakini si jicho langu linalokuvuta." Mwenyekiti akasema kwamba kumbe anamlinganisha Mungu na mshonaji. "Hapana," akajibu. "Mimi huona kona moja, tena hukadiria, na mara nyingine hukosea, suruali yako ile ya kijivu ni shahidi." Wajumbe waliangua kicheko, na mwenyekiti, tumpe haki yake, akacheka pia. Shauri likafungwa.

Tarehe 3 Novemba 1965 adhuhuri, alipokuwa akifunga chakula kwenye kitambaa, alisikia hatua kwenye ngazi zake mwenyewe. Zilipanda, zikasimama katikati, zikakaa kimya kwa muda mrefu. Alitaka kukimbilia mlangoni akajizuia. Alishika meza kwa mikono miwili na kusali bila maneno. Kisha zikapanda tena. Mdogo wake alisimama kizingitini, siku ya tatu bila pombe, akitetemeka mwili mzima. "Dada, nimechoka," akasema. "Nisaidie." Alianguka mara mbili kabla ya kusimama sawasawa, na mara zote mbili alirudi mwenyewe. Mwaka wa tatu koti lilimkaa barabara. Alijitazama kwenye kioo, kisha akamgeukia dada yake polepole.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Ungekaa ukingoja litokee. Mimi nilikaa siku sita tu, nusura nikupoteze."

Alifariki kwa amani asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1979, baada ya kupokea sakramenti, akiwa amewaagiza wanafunzi wake wasisahau vidole viwili. Tangu mazishi yake waamini wamesimulia neema nyingi walizozipata kwa maombezi yake: ndugu wawili waliopatana baada ya miaka minane ya kutosalimiana, dereva wa lori aliyeamka akiichukia chupa, mjane kipofu aliyeona mwanga mbele ya kaburi lake. Kanisa huyapima hayo kwa utaratibu wake, nasi hatutangulii hukumu yake.

Katika uchunguzi ulioagizwa na Baba Askofu mwaka 1991, shahidi wa kwanza alikuwa mdogo wake, mzee wa miaka sitini na mmoja, mwashi aliyeheshimika. Padre mchunguzi alimwuliza: kwa kuwa dada yake alikwisha kuonyeshwa, je, siku ile kwenye ngazi angeweza kweli kugeuka na kushuka?

"Ningeweza, Padre," mzee akasema. "Mguu mmoja nilikwisha kuushusha. Yeye alikuwa ndani anajua, na Mungu juu anajua, na hakuna aliyenishika mkono. Niliurudisha mguu mwenyewe. Hata leo, nikitoka hapa, naweza kwenda kunywa. Siendi. Ndiyo furaha yangu hiyo, Padre, msininyang'anye."

Basi, mpendwa msomaji, yeyote aliye na ndugu aliyepotea asiketi akipiga hesabu ya alichokiona Mungu. Adhuhuri ya leo bado haijapita. Avae viatu, amwendee.