Siku Niliyowafuta Watu Majivu

Chekeni tu, nimeshazoea, ila siku ile kama kijiji hiki cha Matwebe kingekuwa na shimo la kunitosha ningejitumbukiza mzima mzima na gauni langu la unesi.

Nilikuwa mgeni, nesi niliyepangiwa zahanati ya huku, nikitokea Lindi, na mtaani kwetu (Waislamu watupu, kuanzia muuza chapati mpaka mwenyekiti) sikuwahi kuona kitu alichokuja nacho Bibi Tumpe asubuhi ile. Alikuja kupimwa presha, kitenge kisafi kabisa, halafu katikati ya paji la uso doa jeusi la masizi! Nikamwonea huruma, nikawaza huku wanapikia kuni na mvua haikatiki, kapuliza moto maskini, sasa atoke hivi hivi achekwe? Nikachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, nikamfuta taratibu mpaka likaisha. Yeye ananitazama tu.

"Haya bibi, sasa umependeza."

"Ndaga, mwanangu," akasema (ndiyo asante yao).

Ningeishia hapo, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akaingia mzee mmoja mkulima wa chai, naye ana masizi, akajaribu kukwepa, nikamshika kisogo, "Tulia babu, sikawii," nikamfuta. Kisha, kwa wema wangu uliopitiliza, nikatoka barazani na bakuli la pamba nikatangaza, "Jamani, mwenye masizi usoni asione aibu, aje nimfute!"

Foleni nzima ikanigeukia. Kutazama vizuri, karibu wote wana doa, mahali palepale. Na bado sikushtuka! Mganga mfawidhi, bosi wangu, alikuwa anashuka kwenye bodaboda na yeye ana lake, nikamwendea na pamba mkononi, "Hata wewe, dokta?"

Akanidaka mkono. "Nesi, hayo ni majivu. Tumetoka misa ya asubuhi. Leo Kwaresima imeanza."

Akanieleza palepale, watu wote wanasikia, kwamba wamechoma matawi ya mitende ya mwaka jana, padri akawapaka majivu yake na kuwakumbusha kuwa wao ni mavumbi na mavumbini watarudi, na kuanzia leo ni kufunga, kutubu na kuwasaidia wenye shida mpaka Pasaka. Nikakimbilia chumba cha sindano, nikakaa juu ya boksi la glovu nalia, nawaza nimewadharau watu dini yao, nani tena atakubali nimguse?

Mlango ukafunguliwa. Bibi Tumpe.

"Nisamehe, bibi. Mbona hukunizuia?"

"Nilitaka kukuzuia," akasema, "lakini tangu mama yangu afe hakuna mtu aliyewahi kunifuta uso. Nikakuacha." Kisha akacheka. "Nanyi si mna mfungo wenu? Basi utatuelewa. Njoo, watu wanakungoja, na mimi presha hujanipima."

Nikachungulia nje. Hakuna aliyeondoka. Jamani, pumzi niliyoishusha! Yule babu wa chai aliponiona tu akaziba paji la uso kwa mikono miwili, foleni yote ikaangua kicheko, nami nikacheka nao machozi hayajakauka.

Tangu siku hiyo nimeapa, hata uje umejaa tope mpaka kwenye nyusi, nitakuuliza kwanza kama ni la kanisani au la shambani, ndipo nishike pamba.