Tabaka Nililolifuta Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ombi la Madamu Furaha, anayefundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Kabambare. Alitaka nimfundishe yeye na wanafunzi wake programu ya ramani tunayoitumia katika taasisi yetu. Ni programu huria: haiuzwi, na mwenye kompyuta anaweza kuiweka, kuinakili na kumpa jirani. Sababu ya pili ilikuwa madoa ya kijani. Kwenye picha za setilaiti nilikuwa nimeona vipande vya msitu vilivyosalia katikati ya mashamba, na mwalimu wa ikolojia hawezi kujua msitu una nini ndani yake akiwa amekaa kitini.

Zamani safari za namna hii nilizifanya na mwenzangu Kalunga. Siku hizi yuko Lubumbashi, amepata kazi nyingine, na salamu zake zimekuwa chache. Wanafunzi wawili waliokuwa waje nami walijitoa. Mmoja aliugua, mwingine alikatazwa na wazazi kwa sababu ya hali ya njia. Nikafunga kompyuta ndani ya plastiki, nikaenda peke yangu.

Alfajiri tulitoka mjini kwa pikipiki, mimi na dereva wangu Amuri. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mabonde tope lilishika magurudumu, nami nikawa nashuka na kutembea nyuma, viatu mkononi. Amuri alikuwa mtu mwema asiye na maneno. Nilijaribu kumweleza kuhusu miti tuliyokuwa tukiipita, akaitikia kwa adabu, kisha nikaacha.

Mchana, mahali paitwapo Wamaza, tulisimama kula. Bugali na sombe ya majani ya mihogo vilikuwa vya moto, nikakalishwa peke yangu kwenye meza kwa sababu nilikuwa mgeni wa heshima. Amuri alikula nje na madereva wenzake, na kicheko chao kilinifikia mezani.

Jioni tulifika kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina, wala sitasema kiko upande gani wa njia. Nilipokewa na Mama Sifa, mkulima, mjane kama mimi. Alishangaa kuona nimetembea bila mtu wa kwetu. Nilimweleza kwamba nafuata msitu wa juu ya kijito, nione kuna wanyama gani. Akasema kesho atanipeleka, kwa kuwa shamba lake la mihogo linapakana nao.

Asubuhi aliniacha ukingoni, akaenda kupalilia. Niliingia nikifuata maji. Ndani kulikuwa na baridi, na miti ilikuwa minene kuliko nilivyotarajia. Nilipoinua macho niliona matawi yamekunjwa na kulazwa kama kitanda. Kiota cha sokomutu. Mbele yake kingine, kisha vingine vingi, majani yake bado mabichi. Sikuwahi kufikiri kwamba sokwe hao wangali wanaishi karibu hivyo na watu. Niligeuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Nikatoa simu, nikaweka alama ya kila mti.

Nilipomrudia Mama Sifa shambani nilikuwa na furaha ya kitoto. Yeye hakushangaa.

"Sokomutu iko," alisema. "Wanalala juu, siye tunalala chini. Hatusumbuane."

Nikamwambia nitaviweka kwenye ramani. Aliuliza ni nani wataiona hiyo ramani. Nikajibu kwamba ni watu wa masomo. Akanieleza habari za kijito kingine, ng'ambo ya kilima, ambako wachimbaji wa dhahabu waliingia na kambi ikaota. Watu wenyewe hawakuwa wabaya, alisema; walikuwa na njaa. Walikula kila chenye kutembea. Halafu akarudi kwenye mihogo yake.

Kabambare, siku iliyofuata, nilimkuta Madamu Furaha amepanga madawati tayari, lakini umeme wa jua ulikuwa umeshindwa kwa mawingu. Mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa amepanga chumba jirani na changu katika nyumba ya wageni, mtu wa Kivu, mpole, alituazima jenereta yake na petroli yake. Wanafunzi walijaa kuzunguka kompyuta mbili, yangu na ya Furaha. Niliwaonyesha jinsi ramani inavyojengwa kwa matabaka: njia ni tabaka moja, mito tabaka jingine, shule jingine, unaliwasha, unalizima. Walipoutambua mji wao, na kila mmoja akaanza kutafuta paa la kwao, nilisahau uchovu wa njia. Niliwaambia kwamba programu hii ni ya bure, ni ya kila mtu, na hakuna atakayewanyang'anya.

Msichana mmoja, akijaribu vitufe, aliwasha tabaka la viota, nililokuwa nimelihamisha kutoka kwenye simu. Alama za kijani zikajitokeza kando ya kijito. Akauliza ni nini. Nikamjibu kwamba ni mahali sokomutu wanapolala, na darasa likafurahi. Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia jenereta yake. Masomo yalipokwisha alinijia na flash mkononi.

"Madamu, hii ramani ni ya kila mutu, ama?" aliuliza kwa heshima. "Unipe na mimi. Watu yangu wanatafutaka vijito."

Nilimwambia kesho.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Furaha. Nilimweleza yote. Mkuu wangu, huko Kasongo, alikuwa akingoja alama za wanyama nitakaowaona, na bila hizo nisingekuwa na cha kuandika wala ushahidi kwamba niliona nilichokiona. Nikizibakiza kwenye kompyuta hii, mashini ya taasisi, zitanakiliwa kama tulivyozoea kunakili kila kitu. Furaha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kompyuta yake, mahali nilipokuwa nimemwekea nakala.

"Ya kwangu ninafuta sasa," alisema. "Ya kwako ni weye utajua."

Alifuta. Nilikaa na ya kwangu mbele yangu, nikihesabu ndani ya moyo watu ambao ningependa waione. Kalunga angeruka kwa furaha. Nikafuta tabaka, kisha nikafuta alama kwenye simu.

Asubuhi nilimpa mnunuzi ramani ya njia, shule na vituo vya afya. Ile ya vijito sikumpa. Aliitazama.

"Jana ilikuwa na kingine juu yake."

"Nimekifuta," nilisema.

Hakukasirika. Alinishukuru, akachukua jenereta yake, akaenda. Alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani jana yake, na jicho lake lilinasa nini, sijui. Hilo bado linanikosesha raha.

Njia ya kurudi ilikuwa kavu, tukaenda haraka. Tulipokaribia kijiji kile Amuri aliuliza kama nitamsalimia mama. Nilitamani sana. Nikamwambia apite, kwa sababu mgeni anayerudia mahali huwafanya watu waulize kuna nini.

Huko Kasongo, mkuu wangu aliuliza nimeona nini. Nikasema msitu mzuri, maji safi. Aliandika hivyo, akaonekana kuvunjika moyo, na utafiti wa msimu unaofuata akampa mwalimu mwingine. Sikujitetea.

Nilichojifunza ninakifundisha sasa, ingawa kwa maneno machache. Kabla mwanafunzi hajaweka alama yoyote juu ya ramani, namtaka aniambie ni nani anaweza kuifuata alama hiyo mpaka mahali penyewe, na akifika atafanya nini. Wengi huona nawachelewesha. Juzi kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza kama mimi niliwahi kumwona sokomutu kwa macho. Nikamjibu hapana, niliona tu mahali walipolala. Alingoja niendelee, na darasa zima likangoja pamoja naye. Nikawaambia wawashe mashini.