Mikarafuu ya Dada na Makadamia Yangu

Siku dada yangu aliponiruhusu kukata mikarafuu yake, nilipaswa kuikataa ruhusa ile. Niliiomba mwenyewe, wala simtupii mtu lawama. Lakini aliponipa bila kuuliza hata swali moja, hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, hapa Ole, Pemba, anamenya muhogo.

"Miye nikwambie nini?" alisema. "Weye ndo ulosoma. Ukiona sawa, kata."

Akaendelea kumenya.

Dada alinizidi miaka minane. Yeye hakupelekwa shule. Mimi nilisoma hadi sekondari, na yeye ndiye aliyepanda mikarafuu kuchuma ili mimi nipate sare na madaftari. Baba alipofariki tulirithi shamba moja. Mimi nikapata mafungu mawili ya miti, yeye moja, kama sharia inavyosema. Yake ilikuwa mikarafuu kumi na mmoja, upande wa bondeni.

Makadamia, miti ya kokwa zinazouzwa ghali, nilikutana nayo Njombe, nilikofanya kazi miaka mingi nikiwa karani wa ghala kwenye kitalu cha miche. Kule asubuhi pumzi inaonekana mdomoni kama moshi. Miti ile ilisimama kwenye ubaridi huo ikiwa na majani magumu yanayong'aa, na maua yake yananing'inia kama shanga nyeupe. Nilipostaafu, mwenzangu wa kitaluni alinipa miche. Alinionya waziwazi kwamba mti huu bila usiku wa baridi hautoi maua ya maana. Nipande miwili mitatu, niangalie, nisikate kitu. Nilimwambia nimeelewa.

Nilirudi nyumbani na suweta langu na kiburi changu. Nilichagua bondeni kwa dada kwa sababu, nilisema, kule kuna ubaridi kidogo. Ubaridi wa bondeni Pemba ni wa kivuli tu, na hilo nililijua. Ukweli ni kwamba nilitaka kujaribu kwa mali ya mwenzangu kwanza. Mikarafuu yangu haikuguswa hata tawi.

Mkarafuu huku haukatwi bila kibali. Kwenye ombi niliandika kwamba yote kumi na mmoja imekauka. Iliyokauka ilikuwa minne, yote karibu na njia. Afisa alipokuja kukagua mvua ilikuwa inanyesha, nami nikamwonyesha ile minne. Nikamwambia huko chini ni utelezi, ataharibu viatu vyake bure. Akanishukuru. Wiki ile nikaangusha na ile saba mizima. Ilikuwa na vichwa vichanga vya karafuu. Vijiti vilinukia siku kadhaa, na dada hakuteremka bondeni kutazama.

Makadamia ilishika vizuri. Hilo ndilo lililonipumbaza. Ilirefuka, ikatanda, kila mwaka majani mapya. Nilikuwa nikiipalilia, nikiifunika mashina kwa majani makavu, nikiimwagia maji wakati wa kiangazi, mgongo ukiniuma. Maua hakuna. Jirani yangu, aliyechuma karafuu maisha yake yote, alikuwa akipita na kusimama.

"Mzee, hii miti yako inataka koti," aliniambia siku moja. "Vua suweta hilo uivishe."

Nilicheka naye.

Dada naye msimu ulipofika hakuwa na karafuu za kumwaga jamvini. Zamani ua wake ndio ulikuwa ua wa watu. Jioni wanawake wa mtaa walikuja na vibao vyao, wakakaa kuzunguka jamvi lake kuchambua karafuu na kutenga makonyo, vile vikonyo vyake, wakisimuliana habari mpaka isha. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, akipika chai ya mchaichai. Sasa jamvi lilikunjwa likaegemezwa ukutani. Msimu mmoja alikuja kuchambua kwenye jamvi langu. Alikaa pembeni kabisa, kama mgeni, na walipomtania aliinamia karafuu. Hakuja tena.

Mwaka wa saba mti mmoja ulitoa maua, nyuzi tano sita, na mwisho wake kokwa tisa. Nilizipeleka kwake kwenye kikombe. Tulizivunja kwa jiwe. Ganda lake gumu kuliko nilivyokumbuka. Alitafuna moja taratibu.

"Tamu," alisema. Kisha akatazama kikombe. "Lakini tisa, mdogo wangu."

Hapo nikamwambia achukue mikarafuu kumi na mmoja katika yangu, achague mwenyewe. Alikusanya maganda kwenye kiganja.

"Ungenambia hivo siku ile," alisema.

Mwaka huohuo alimfuata binti yake Unguja. Nilimsindikiza bandarini Mkoani na jamvi lake limefungwa kamba. Nilimwambia jamvi la kazi gani huko mjini. Akasema atalilalia. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta kwenye chumba kimoja juu ghorofani, na jamvi lilikuwa chini ya kitanda. Aliniuliza habari za kila mtu wa Ole kwa jina. Habari za bondeni hakuuliza.

Alifariki hukohuko Unguja, asubuhi. Akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa baada ya alasiri, kama inavyopasa. Habari ilinifikia boti ya siku hiyo imeshaondoka. Niliondoka kesho yake, nikaonyeshwa kaburi.

Makadamia bado ipo bondeni. Sina tena nguvu ya kuing'oa. Nilimkatia dada yangu mikarafuu saba mizima, na kwa ajili hiyo alizeekea kwenye mji usio wake, na mimi sikuwepo kumtia kaburini.