Gumba Kwenye Ukuta wa Magharibi

Asubuhi hiyo mwashi mzee Haji Munzir hakumaliza hata maharage yake. Alisukuma bakuli, akabeba nyundo na patasi, akavuka daraja la mawe linaloiunganisha Saida, mji wa pwani ya Lebanoni, na ngome yake ya baharini. Kila aliyemwamkia njiani aliambulia mguno. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba jiwe la ukuta wa magharibi limepasuka katikati, na kando yake pana saruji. Saruji, jamani, kwenye ukuta wa marehemu baba yake!

Ngome yenyewe imeshaonewa vya kutosha. Wafaranki, wale wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya, waliijenga mbiombio miaka mia nane iliyopita, wakachukua nguzo za Warumi na kuzilaza ndani ya kuta kama kuni. Wamamluk, watawala wa Misri, wakaibomoa, halafu wakajuta wakaitengeneza. Manowari za Waingereza zikaja kuipiga mizinga. Munzir aliyasimulia hayo kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa jana, lakini hakuna alichokichukia kama saruji. Chokaa hupumua, chumvi ya bahari ikaingia na kutoka. Saruji huziba, chumvi ikakosa pa kutokea, ikapasua jiwe. Ndiyo maana waashi wa mji mkongwe huiloweka chokaa shimoni majira matatu ya baridi kabla ya kuitumia. Na anayeziba mwanya wa mwisho huubonyeza kwa kidole gumba, ili watakaokuja wajue nani wa kumshukuru na nani wa kumlaani. Gumba la Munzir mwenyewe lilipasuliwa na nyundo ujanani, likapona na mfereji katikati.

Mhandisi Rudayna, binti wa Beirut aliyesimamia ukarabati, alimkuta anafoka. Alimweleza kwa upole kwamba watu wake hawajagusa upande ule. Munzir hakutaka kusikia. Mbele ya mafundi wanane alimwambia afungashe virago, kwamba ukuta huu ulistahimili mizinga ila shahada yake umeshindwa kuistahimili.

"Ami Munzir, mimi nimeanza hapa mwezi wa tatu. Saruji hiyo ina kuvu la miaka."

"Miaka gani? Naing'oa sasa hivi, na aliyeiweka tutamjua."

Akapiga patasi. Vipande vikaruka, jasho likamtoka, matusi hayakukoma. Alipofika mwanya wa mwisho, chini ya kuvu, akaiona alama ya gumba. Katikati ilikuwa na ukingo mwembamba, mahali pa mfereji wa gumba lake.

Nyundo ikamshuka mkononi. Mwaka ule baada ya vita vya mwaka themanini na mbili, makombora yalikuwa yameutoboa ukuta, na baba yake alikuwa kitandani, kifua kimembana. Mzee alimwagiza aloweke chokaa na asubiri. Munzir alikuwa na miaka ishirini na minne, harusi iko mlangoni, wenzake wanamcheka kwa kazi isiyokwisha. Akamaliza kwa saruji alasiri moja, akaenda kumwambia mzee kuwa ni chokaa. Mzee akamwombea dua, na kabla ya masika akafa. Tangu hapo Munzir alikuwa akiwaambia watu kwamba ukuta ule ni kazi ya baba yake, mpaka akajiaminisha mwenyewe.

Rudayna alilitazama gumba la ukutani, kisha la mkononi mwa Munzir. Akainama kuokota vipande, akasema tu kwamba kazi iendelee. Hapo ndipo Munzir alipowaka zaidi.

"Usinihurumie, mwanangu. Niulize nani kafanya."

"Nani kafanya, ami?"

Akawageukia wale mafundi wanane, akainua gumba wote walione.

"Mimi. Na baba yangu nilimdanganya akiwa anakata roho."

Aliwaamuru wachimbe shimo la chokaa siku hiyo hiyo, na fundi mmoja alipouliza ataitumia nani baada ya majira matatu, alimkaripia achimbe. Kisha akashika tena patasi, akaendelea kuing'oa saruji kwa hasira ile ile, ila safari hii hakuwa na wa kumtukana.