Miaka Yangu Kwenye Chumba cha Skopu

Siku ya kwanza nilipopangiwa chumba cha endoskopi, niliambiwa nifungue mdomo. Nilikuwa nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Arusha mjini, na Muuguzi Mfawidhi alinihamisha kwa maneno mawili tu: "Kesho, chini." Huko chini nilimkuta Daktari Bingwa wa tumbo, mzee mrefu asiyecheka ovyo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akachukua kichupa cha dawa ya ganzi.

"Sista Kaaya, fungua mdomo."

Akanipulizia kooni, akaniambia nimeze mate. Nilijaribu. Koo lilikuwa kama la mtu mwingine.

"Ndivyo mgonjwa anavyojisikia kabla hatujaanza," alisema. "Ukishalijua hilo, mengine nitakufundisha."

Chai ya saa nne siku hiyo niliitazama tu.

Kwa wasiojua, endoskopi ni kuangalia njia ya chakula kwa ndani bila kupasua. Skopu yenyewe ni mpira mweusi mrefu, mwembamba, unaopinda, na nchani una taa. Ukipitishwa mdomoni unashuka kwenye umio, ile njia ya kupeleka chakula tumboni. Zamani hapakuwa na skrini. Daktari alibandika jicho moja kwenye tundu, na sisi wengine tulikuwa kama watu wanaosikiliza mechi redioni. Akisema "kuna kidonda," naandika kidonda. Miaka kadhaa niliandika vidonda nisivyoviona.

Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa na kuosha skopu. Kuosha ndiko kulikokuwa kugumu. Kwanza unaijaza upepo na kuizamisha majini uone kama inatoa mapovu, maana tundu dogo tu likiingiza maji ndani, imekufa. Kisha unapitisha brashi kwenye kila mrija, unailoweka kwenye dawa, unaisuuza na kuikausha. Mafundi walikuwa nje ya nchi. Ikiharibika, mnasubiri miezi.

Nasi tulisubiri, kwa sababu yangu. Mgonjwa hung'ata kipande cha plastiki chenye tundu, skopu ipite katikati bila kuguswa na meno. Asubuhi moja mgonjwa alikisukuma kwa ulimi, mkono wangu ukachelewa, akaing'ata skopu. Tulikuwa na hiyo moja tu.

Daktari Bingwa aliitoa taratibu, akaitazama. Nilisema, "Ni mimi, daktari. Sikukishika vizuri."

Akanisogezea daftari. "Andika hivyo hivyo ulivyosema. Halafu nenda ukawaambie walioko kwenye benchi. Wewe mwenyewe."

Nikatoka. Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Momela alfajiri, hajala tangu jana yake kama tulivyomwagiza. Nilimwambia vipimo vimeahirishwa na sababu ni mimi. Akanitazama, akafungua kikapu chake, akanigawia ndizi ya kuchemsha. "Basi tule, mwanangu," alisema. Sijawahi kula ndizi chungu kama ile. Tulimwandikia barua aende mkoa wa jirani, naye alipimwa huko, akatibiwa akapona. Tangu siku hiyo vidole vyangu havikuachia tena kile kipande cha plastiki.

Baada ya mzee yule kustaafu alikuja Daktari Bingwa mwingine, mwanamke niliyemzidi umri, na wakati wake ndipo zikaja skopu za kamera. Mara ya kwanza kuona tumbo kwenye skrini nilisahau kazi. Lilikuwa la rangi ya waridi, linang'aa, linacheza lenyewe.

"Sista, unalia?"

"Hapana, daktari. Naangalia."

Jumamosi moja aliletwa Mzee Mollel, katika suti mpya na ua kifuani. Alikuwa anamwoza bintiye kule Sakina. Asubuhi walichoma mbuzi, akaonja kipande, kikanasa. Hata mate hayakupita, alikuwa anayatema kwenye kitambaa. Aliniandikia kwenye karatasi: *Ni kansa?* Kaka yake alikuwa amekufa kwa kansa ya umio.

"Hatujui bado, mzee," nilimwambia. "Tutazame."

Skopu iliposhuka tuliiona nyama imeziba njia. Daktari akapitisha wavu mdogo ndani ya skopu, akainasa. Hapo umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi.

"Hakuna anayesogea," daktari alisema.

Nilimwinamia Mzee Mollel sikioni. Nikamwambia apumue kwa pua, nikamuuliza binti anaitwa nani, ingawa hakuweza kujibu, nikaendelea kumsemesha tu hadi jenereta ikawaka. Nyama ikatoka. Chini yake palikuwa na kovu la kiungulia cha miaka mingi lililobana njia. Tulichukua vinyama vidogo vya umio wake vikapimwe kansa, na baada ya majibu kuja salama, tuliitanua njia hiyo kwa puto maalumu. Lakini siku ile ile, ganzi ilipoisha, alielezwa asile ila vitu laini, akarudi ukumbini. Alimbariki binti yake, na keki akaiangalia kwa macho.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Sokoni One. Vijana wana mashine ambazo mimi sikuziota, na nawafurahia. Bado wataalamu hawatoshi, na bado watu wanakunywa dawa za kiungulia miaka mitano kabla ya kuja. Ukiona chakula kinakwama, usingoje.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni naulizia parachichi. Mama mmoja niliyempa mgongo akanyamaza katikati ya maneno yake, akanigeukia.

"Samahani, mama. Shikamoo. Tunafahamiana?"

"Marahaba. Sura sikumbuki."

"Hata mimi," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho. Lakini hiyo sauti ndiyo iliyoniambia nipumue."