Lori la Ugali

Harufu ya unga wa mahindi unapoingia kwenye maji yanayochemka huwafurahisha watu wengi. Huwaambia kwamba kuna mtu jikoni, na kwamba leo hakuna atakayelala njaa. Mimi harufu hiyo hunisimamisha mlangoni. Nikialikwa kwa watu hunusa kwanza kabla ya kubisha hodi, na nikipata dalili ya ukungu ndani ya mvuke ule, hata kama ni gunia tu lililonyeshewa pembeni, hugeuka nikaenda zangu. Narudi kuwa msichana wa miaka kumi huko Matinyani, mwiko mkononi, mwenye kazi moja tu duniani: kuhakikisha ndugu yangu amekula chakula cha mchana.

Ndugu yangu aliitwa Kioko. Alikuwa na miaka miwili na nusu, kichwa kikubwa, miguu myembamba, na uso wa mzee aliyedhulumiwa shamba. Jina alilirithi kwa baba mzazi wa Baba, kama ilivyo desturi yetu Wakamba kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Kwa sababu hiyo bibi yetu, ambaye sote tulimwita Susu, alimwita "mume wangu" na hakuruhusu mtu yeyote amkaripie. Mama naye, kwa heshima, hangeweza kulitamka jina la mkwewe hata likiwa limebebwa na mtoto anayejikojolea, basi yeye alimwita "Mzee" tu. "Mzee, njoo uoshwe matako," angeita Mama uani, nasi tungecheka hadi majirani wachungulie. Babu mwenyewe alikuwa ameshafariki, na Susu alidai kwamba marehemu alichagua chakula kwa makini kuliko alivyochagua mke. Kila Kioko aliposukuma sahani, Susu alitikisa kichwa kwa furaha na kusema kwamba mumewe amerudi na tabia zake zote.

Na tabia zilikuwepo. Kioko hakutaka vyakula viwili vigusane. Mchuzi ukiugusa wali, wali umekufa. Maharagwe hakuyataka kwa sababu, kwa maneno yake, "inaniangalia." Ndengu alikula punje moja moja, akizichukua kwa vidole viwili, na mtu akimharakisha aliacha. Papai alilikubali ikiwa tu limekatwa mbele ya macho yake. Ugali ndio alioukataa kuliko vyote, na katika nyumba kama yetu kukataa ugali ni sawa na kukataa jua. Siku ya kliniki muuguzi alimpima, akatazama mstari wa uzito kwenye kadi yake, uliokuwa umeanza kuinama, akamwuliza Mama mbele ya wanawake wote kama nyumbani kuna chakula. Mama, ambaye alikuwa na magunia manne ya mahindi ndani ya nyumba, alirudi nyumbani kadi ile akiwa ameikunja kiganjani. Jioni ile aliniita. "Wewe ndiye uko na yeye mchana," aliniambia. "Kliniki ingine nataka huyu Mzee awe amepanda kilo. Mpikie vile unajua, lakini akule."

Ilikuwa likizo ya Aprili. Baba alikuwa Emali, akipakia nyanya na vitunguu kwenye malori, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka vitunguu hadi kwenye nywele. Mama aliondoka asubuhi kuuza mboga sokoni Kitui mjini. Susu macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo jiko likawa langu. Nataka niseme ukweli: nilijivunia kazi ile. Watoto wenzangu walichunga mbuzi na kuteka maji, mimi nilikuwa mpishi wa mtu. Nilianza na boga, nikaliponda na viazi vitamu mpaka likawa laini. Kioko akaonja na kulifuta kwenye ulimi wake kwa kiganja. Nikamkaangia yai, akala ukingo uliokauka na kuniachia katikati. Nikachemsha majani ya kunde na maziwa kama alivyopenda Mama, naye akafunika sahani kwa kofia yake ili asiyaone. Kila siku nilibuni kitu kingine, na kila siku kuku ndio walioshiba.

Siku moja nikiwa nimekata tamaa, nilichukua bonge la ugali wa moto, nikalifinyanga kwa mikono iliyolowa maji. Nikafanya kichwa cha lori, nikafanya bodi, nikachimba sehemu ya mzigo na kujaza ndengu. Magurudumu yalikuwa vipande vya karoti. Nikaliweka mbele yake. Alilitazama muda mrefu, mikono nyuma kama chifu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia kwa chakula, "Ni ya Baba?"

"Ni lori ya Baba," nikamjibu. "Imetoka Emali. Lakini haiwezi kuenda kama hujapakua mzigo."

Akapakua mzigo, punje moja moja. Kisha akala gurudumu. Kisha, Susu akiwa ameziba mdomo kwa shuka asicheke, Kioko akang'oa kichwa cha lori la baba yake na kukitafuna mpaka kikaisha. Jioni Mama alipopewa habari alinikumbatia, na Mama hakuwa mtu wa kukumbatia. Tangu siku hiyo lori lilifika kila adhuhuri. Siku nyingine lilibeba boga, siku nyingine mayai, siku nyingine mbaazi. Niliona nimeshinda.

Sasa lazima nieleze habari ya yale mahindi, ingawa ningependa kuipita. Mwezi wa pili mwaka ule wezi walikuwa wameingia shamba la jirani na kulivuna lote. Tena mawingu ya mvua isiyo ya wakati wake yalikuwa yamekaa juu ya vilima. Mama na Susu wakaona heri kuvuna mapema, mahindi yakiwa hayajakauka vizuri kwenye mabua. Ghala letu la miti lilikuwa nje, karibu na njia, na kwetu mtu aliyewahi kuona njaa hawezi kuacha chakula nje wezi wakizunguka. Susu alikuwa ameona njaa nyingi, na alizijua kwa majina kama mtu anavyowajua wakwe zake. Magunia yakaingizwa chumbani mwake, mawili chini ya kitanda na mawili ukutani, juu ya sakafu ya udongo, na dirisha likafungwa. "Mtu hulala na chakula chake," alisema. Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Yale mahindi yalilala na bibi yangu wiki nyingi katika joto na unyevu, na wiki zile zote hakuna aliyeyageuza.

Tulipoyafungua yalikuwa na vumbi la kijani hapa na pale. Mama aliyaanika siku mbili, akapeta, akatoa mabaya aliyoyaona. Hatukutupa. Kwa mahindi yale wakubwa tulikula muthokoi tu, yaani mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu kwa maji mpaka ganda lote likatoka, kisha yakapikwa na maharagwe. Lakini muthokoi ni mgumu kwa meno ya mtoto. Ya Kioko tulipeleka kwenye mashine ya kusaga yakiwa mazima na maganda yake, kwa sababu kila mtu alijua kwamba nguvu ya unga iko kwenye ganda. Tulimtengea kilicho bora.

Haikupita wiki moja ya malori, Kioko aliacha kutafuna akaniambia, "Iko uchungu."

Nilionja. Palikuwa na uchungu kwa mbali, nyuma ya ulimi. Nikasema ni moshi wa kuni. Nikampa Susu aonje, lakini ulimi wa Susu ulikuwa umekufa kwa ugoro miaka mingi, naye akasema ni ugali mtamu kabisa. Basi kesho yake nikatia sukari. Aliposema tena, nikaongeza sukari na kufanya lori kubwa zaidi, lenye trela. Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Kioko hakuulilia. Aliusukuma kwa mikono yote miwili, nami nikamkunjia tena kiganjani, nikimwimbia.

Vifaranga waliokula makombo yake walianza kufa. Tukasema ni baridi ya mvua. Siku ya kliniki ikafika, na mzani ukapanda. Muuguzi akachora alama juu ya ile ya zamani, akamsifu Mama mbele ya wanawake walewale. Mama akaninyooshea kidole, "Ni huyu msichana wangu." Nilivaa sifa ile njia nzima ya kurudi nyumbani. Tulimnunulia Mzee ndizi, akaikataa, tukacheka. Alikuwa mtoto wa kukataa, sasa tungejuaje? Baadaye alikataa ndengu, kisha akakataa papai hata lililokatwa mbele yake, nasi tukaendelea kucheka na kumbembeleza. Mtoto anayekataa kila kitu hana namna ya kuwaambia watu kwamba leo anaumwa. Ni Mama aliyeona, alipokuwa akimwosha Jumapili asubuhi, kwamba tumbo limekaza na weupe wa macho umekuwa wa njano.

Alikaa hospitalini siku tatu. Daktari alimweleza Mama kwamba ini limeharibika, na kwamba tumbo lilikuwa likijaa maji. Zile kilo zilizopanda zilikuwa maji. Baba alifika kutoka Emali na nguo zake za kazi, akamkuta bado anapumua, na wanasema alinusa vitunguu kwenye shati la baba yake akafungua macho. Mimi sikuwepo. Watoto hawakuruhusiwa wodini, nilikaa nje kwenye nyasi nikisubiri kuitwa nije nimlishe, maana niliamini hakuna mwingine anayejua. Alifariki saa ya chakula cha mchana.

Baada ya mazishi alikuja bwana afya. Akafungua magunia, akamwaga mahindi uani, akayavunja mkononi na kutuonyesha. Alieleza kwamba ukungu ule huacha sumu, kwamba jua haliiondoi wala moto hauimalizi, na kwamba sehemu kubwa hukaa kwenye ganda. Sisi tuliokula muthokoi tulikuwa tumelitwanga na kulimwaga. Alizungumza kwa upole, bila kumlaumu mtu. Walipochimba shimo la kuyafukia, Susu, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwaga hata kiganja cha nafaka, alisimama kando akiwa ameshika mkongojo wake. "Mume wangu alikuwa anajua," alisema. "Alituambia, na sisi ni watu wazima." Usiku wa siku hiyo Mama alinivuta kifuani na kuniambia, "Ni mimi nilikutuma." Amenirudia maneno hayo mara nyingi tangu hapo. Ninajua anataka kunitua mzigo. Lakini mkono uliofinyanga ulikuwa wangu, na ulimi ulioonja uchungu ukanyamaza ulikuwa wangu pia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Leo ninaishi Emali, mji ambako Baba alipakia malori, na kila siku yanapita mbele ya nyumba yangu yakiwa na nyanya za Loitokitok. Mambo yamebadilika. Sokoni sinunui mahindi hata gorogoro moja, kopo lile la kupimia, kabla sijaweka kiganja kimoja cha mahindi hayo ndani ya chupa kavu ya soda pamoja na chumvi kavu, nikaitikisa, nikaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Wauzaji wamenizoea, wananiita Mama Chumvi. Chumvi tulikuwa nayo Matinyani, na chupa zilikuwepo, na hilo ndilo linaloniliza kuliko mengine.

Binti yangu, Mumbua, ana miaka miwili na nusu, na anachagua chakula. Kwenye simu yangu kina mama wenzangu hutumiana picha za chakula cha mchana cha watoto wasumbufu: wali uliofinyangwa kuwa sungura, chapati iliyokatwa nyota, karoti zenye tabasamu. Ni vizuri, na nawapenda kwa bidii yao. Mimi sifinyangi kitu. Nampa ndengu mahali pake, boga mahali pake, yai mahali pake, naye achague. Mume wangu husema ninamdekeza.

Wiki iliyopita nilimpikia mchicha na wali. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akakitoa, akanitazama. "Mama, uchungu." Nilionja mchicha ule. Nikaonja tena, nikautembeza mpaka nyuma ya ulimi. Haukuwa na uchungu wowote, ulikuwa mtamu kabisa, na mume wangu akacheka akasema, "Si umeona? Anakuchezea. Mbembeleze, hata umtengenezee gari." Nilikiweka kijiko chini. Niliiondoa sahani mbele yake, nikaipeleka jikoni, nikarudi nikapiga magoti mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Sawa, mama," nikamwambia. "Nimesikia."

Akatabasamu, akashuka kitini, akaenda kucheza. Alichokuwa akihitaji ni neno hilo moja tu, na siku ile Matinyani Kioko naye alinitazama akilingoja, kinywa kikiwa kimejaa.