Simu ya Saa Nne

Mume wangu alikuwa dereva wa majaribio katika kiwanda cha magari. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu hata kwenye njia panda tupu alipunguza mwendo, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama tena kulia. Walimtania kwamba akishindana na konokono, konokono atafika, ataoga na kulala kabla yake. Yeye alicheka tu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuchubua rangi ya gari hata moja.

Kazi yake ilikuwa kulitoa gari jipya kiwandani, kuliendesha kilomita arobaini, na kurudi na karatasi iliyotiwa alama: breki, usukani, taa, honi. Mimi nilishona vitambaa vya viti katika kiwanda hicho hicho, banda la nyuma. Sikusoma, lakini mshono wangu haukuwahi kurudishwa.

Kisha magari yakaacha kununuliwa. Yalipangwa uani mpaka majani yakaota chini yake. Wakubwa wakakaa vikao, wakaja na dawa yao: waling'oa vitufe vyote, wakaweka kioo kikubwa mbele ya dereva, kama simu ya mkononi iliyonenepa. Redio humo, kiyoyozi humo, simu humo. Walisema watu siku hizi wanapenda simu kuliko magari, basi wauziwe simu yenye magurudumu. Mume wangu hakukipenda kile kioo. Aliniambia kitufe unakipapasa kwa kidole huku macho yako barabarani, lakini kioo ni laini kote, lazima ukitazame. Alimwambia hivyo hata mkaguzi mkuu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, shemeji yangu. Shemeji alimjibu kwamba kama hataki kioo akasukume mkokoteni.

Kwenye ile karatasi ikaongezwa alama moja: simu. Gari likiwa mwendoni, dereva lazima apigiwe, abonyeze kioo, aitike, asikie kama sauti inatoka vizuri. Mwanzoni alipiga msichana wa ofisini. Walipopunguza watu, msichana akawa wa kwanza kutoka, na shemeji akawaambia madereva wapigiwe na wake zao. Basi nikawa napiga kila siku saa nne, wakati wa chai. Nilimwuliza habari ya huko, akasema salama, kata, nikakata. Washonaji wenzangu walisema mapenzi yetu yana ratiba kama treni. Nilijisikia fahari kidogo, sikatai.

Siku ile nilipiga, ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya pili ilipokelewa, halafu nikasikia kishindo. Sauti yake sikuisikia. Mbele yake lori lilikuwa limesimama katikati ya njia, limepasuka tairi.

Baada ya mazishi shemeji alikuja na karatasi na kidau cha wino. Alinisomea kwamba mimi ni mjane wa marehemu, kwamba siku hiyo nilimpigia simu, kwamba kiwanda kinanipa pole. Nikaweka dole gumba. Mtu aliyebeba jeneza la kaka yake, ningemshuku vipi? Miezi miwili baadaye binti yangu aliikuta nakala yake kabatini, akanisomea upya. Ilisema nilikuwa na mazoea ya kumsumbua mume wangu kazini kwa mambo ya nyumbani, na kwamba nilikwisha kuonywa. Juu ya alama ya simu halikuwemo neno. Binti yangu alisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini nilikubali.

Ukoo mzima ulikuwa umeshaisikia. Mama mkwe alinikataza kuingia chumbani kwake. Wanawake wa upande wao walinyamaza nilipokaribia, wakaanza tena nilipopita. Kiwandani nako nilikuwa nimeshapunguzwa, na mlinzi wa getini, ambaye nilimshonea suruali miaka yote, aliniambia hana ruhusa ya kunifungulia. Nilitaka kitu kimoja tu: shemeji aseme mbele ya mama yake ni nani aliyeniamuru nipige.

Alikuja mwenyewe mwaka wa tatu, wiki ile kiwanda kilipofungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akazungumzia mvua, akazungumzia binti yangu alivyorefuka.

"Shemeji," alisema mwishowe, "wakubwa walituambia lawama ikiangukia kile kioo, magari hayatauzika tena. Tungekosa kazi sote."

"Na sasa una kazi gani?"

Nikamwambia avae viatu twende kwa mama.

Tulimkuta kitandani, miguu imevimba. Shemeji alisema yote, hilo simnyimi: alama, wake za madereva, karatasi aliyonisomea nusu. Mama mkwe alisikiliza akitazama dari.

"Umeyaleta leo," alimwambia, "kwa kuwa hakuna tena wa kukufukuza."

Shemeji aliinamisha kichwa. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani sasa mama mkwe atanishika mkono. Akageuza uso kwangu.

"Na wewe. Ya kwanza hakupokea. Kwa nini ulipiga tena?"

"Bila simu hapati alama, mama. Angegombezwa."

"Alikuwa anatazama barabara," alisema polepole, kama anayemwelewesha mtoto.

"Ndiyo, mama."

Shemeji alitoka nje, nikamsikia akishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Mimi nilibaki kwenye kigoda. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemngoja yeye aseme, na swali lile nililikwepa kila usiku. Mama mkwe hakunifukuza. Tulikaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuingia giza, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuwasha taa.